Friji ikiharibika, mwili usiharibike nayo

Jumatatu moja asubuhi aliingia katika kliniki yangu mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 52, akiwa ameshika kichwa kwa mkono mmoja. Ni mgonjwa wangu wa siku nyingi. Ana maradhi ya shinikizo la damu, na kwa miaka sita amekuwa akimeza vidonge vyake bila kukosa, hata nikawa naona fahari kumhudumia. Siku hiyo mashine ilionyesha 186 kwa 112. Nilimwacha aketi kimya kwa dakika tano, nikampima tena. Ilikuwa 182 kwa 110.

"Mwalimu, dawa unameza?" nilimuuliza.

Alitazama sakafu. "Daktari, nitakwambia ukweli. Hii ni wiki ya tatu sijanunua. Friji iliharibika."

Huenda msomaji akajiuliza kuna uhusiano gani kati ya friji na vidonge vya presha. Upo, na ni mkubwa. Nitakisimulia kisa hiki kwa idhini ya mwenyewe, huku nikificha mambo yanayoweza kumtambulisha, kwa sababu yaliyompata yeye yanawapata wengi wetu mijini. Leo ni friji, kesho ni gari, keshokutwa ni simu, pasi au bomba la maji jikoni.

Mambo yalianza Jumamosi. Stima ilipotea mtaani kwao Eastlands, na iliporudi ilirudi kwa kishindo. Friji ya nyumbani, iliyokuwa imewatumikia kwa miaka tisa, ikanyamaza. Ndani mlikuwa na nyama ya wiki nzima na maziwa. Zaidi ya hayo, mlikuwa na insulini ya mumewe, ambaye ana kisukari.

Shemeji yake alikuwa amewatembelea siku hiyo. Akasema anamjua kijana anayeuza friji kwa malipo ya polepole. Kabla ya saa kumi jioni kijana huyo alikuwa ameketi sebuleni, anakunywa chai na kuonyesha picha katika simu yake. Mwalimu alitaka friji ndogo. Kijana alimwonyesha ya milango miwili. Mwalimu alisema angependa kufikiri kwanza. Kijana akamjibu kwa upole, "Mama, bei hii inaisha leo saa kumi na mbili. Na dawa ya mzee ikiharibika usiku huu, utamwambia nini daktari?" Shemeji akaongeza kwamba mwalimu wa cheo chake hafai kuwa na friji ya mlango mmoja.

Mwalimu akatia sahihi. Bei ya pesa taslimu ilikuwa Sh62,000. Yeye alitoa Sh12,000 papo hapo na kukubali kulipa Sh4,500 kila mwezi kwa miezi 18. Hakuna aliyemfanyia hesabu. Nilimfanyia mimi nyuma ya karatasi ya dawa: atakuwa amelipa Sh93,000, yaani nusu ya bei tena juu ya bei. Zile Sh12,000 za kwanza zilitoka katika matumizi ya mwezi, na ndani yake mlikuwa na pesa za vidonge vyake, ambavyo kwa mwezi mzima havifiki Sh1,000.

Mwili haujui friji ni kitu gani

Tuanze na yanayotokea mwilini. Chombo kinapoharibika ghafla, ubongo hupokea habari hiyo kama hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda, misuli ya shingo na mabega hukaza. Ini nalo huingiza sukari zaidi katika damu. Mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mambo haya katika kitabu alichochapisha 1915. Alionyesha kwamba mwili hujiandaa kwa moja kati ya mawili: kupigana au kukimbia.

Maandalizi hayo yalimfaa babu zetu alipokutana na simba. Alikimbia au alirusha mkuki, na baada ya robo saa mambo yakawa yamekwisha kwa njia moja au nyingine. Lakini friji hupigani nayo, wala huwezi kuikimbia. Unabaki umesimama jikoni, mwili umejiandaa kwa vita visivyokuja. Wasiwasi ukiendelea siku baada ya siku, homoni nyingine iitwayo kotisoli nayo hubaki juu. Mtu hukosa usingizi, hukasirika kwa jambo dogo, na shinikizo la damu la mwenye maradhi hayo huwa gumu kutulizwa.

Wengi hudhani ni misiba mikubwa tu inayodhoofisha mtu. Mnamo 1981 wataalamu wa Marekani, akiwemo Richard Lazarus, walichapisha utafiti kuhusu watu 100 wa makamo wa California. Waliwataka wataje kero zao za kila siku, kama vile vitu kupotea, bei kupanda na nyumba kuhitaji kutengenezwa. Iligunduliwa kwamba kero hizi ndogondogo zilibashiri hali ya akili ya mtu vizuri zaidi kuliko matukio makubwa ya maisha. Si kwamba kero moja ni nzito kuliko msiba. Ni kwamba kero huja kila siku, na hakuna anayekuja kukupa pole kwa ajili ya pasi iliyoungua.

Nami daktari simo nje ya haya. Mwaka mmoja gari langu lilizima katika Barabara ya Jogoo, jioni, mvua ikinyesha, moshi ukitoka chini ya boneti na matatu zikinipigia honi kana kwamba nilipenda kukaa pale. Nilifika nyumbani saa nne usiku nikamfokea mtoto kwa sababu ya kiatu alichokiacha mlangoni. Siku mbili baadaye nilikuwa katika uwanja wa kuuzia magari, kalamu mkononi, karibu kutia sahihi mkopo wa miaka minne. Kilichoniokoa ni simu ya fundi. Mpira wa kupitishia maji ya rejeta ulikuwa umepasuka. Alikuwa ameubadilisha tayari, na gari lilikuwa likiningoja.

Nilipotoka katika uwanja ule niliona jambo ambalo sijalisahau. Sikuwa nanunua gari. Nilikuwa nanunua dawa ya kunituliza.

Kwa nini siku hiyo ni mbaya ya kununua

Mtu ambaye moyo wake unaenda mbio hafikirii kama kawaida yake. Huona hatari iliyo mbele yake tu, na hutamani chochote kitakachoiondoa upesi. Hesabu ya miezi 18 haimwingii akilini. Muuzaji mwerevu, hata kama hakusoma udaktari, anajua hivyo. Zipo njia tatu ambazo msomaji akizitambua atakuwa amejikinga nusu.

Ya kwanza ni haraka ya kubuni. "Imebaki moja tu." "Ofa inaisha leo." Katika biashara za kawaida friji, viti na ploti za leo huwepo pia Jumatano. Ikiwa bei haiwezi kungoja siku tatu, hiyo ni sababu ya kuogopa zaidi.

Ya pili ni kuanza na jambo dogo. Unaombwa kuketi tu, kisha kutazama picha, kisha kuandika jina na nambari ya simu. Mwaka wa 1966 watafiti Jonathan Freedman na Scott Fraser walichapisha jaribio lililofanyika California. Watu walioombwa kwanza kuweka kibandiko kidogo cha usalama barabarani walikubali baadaye, kwa wingi zaidi kuliko wengine, kusimamishiwa bango kubwa lisilopendeza mbele ya nyumba zao. Mtu akishasema "ndiyo" mara moja huona aibu kusema "la" baadaye.

Ya tatu ni aibu yenyewe. Hii huletwa zaidi na watu wetu kuliko muuzaji: shemeji, jirani, wenzetu wa chama, hata watoto. "Wewe ni mtu wa aina gani kukaa bila televisheni kubwa?" Wengi wao wanatutakia mema. Lakini awamu zikianza kudaiwa, simu italia kwako. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Siku chombo kinapoharibika

Ushauri ninaowapa wagonjwa wangu ni mfupi: siku ya kuharibika isiwe siku ya kununua. Zitenganishe kwa siku tatu angalau. Katika siku hizo fanya haya.

Kwanza, tuliza mwili kabla ya kutuliza tatizo. Zima umeme wa chombo hicho, kisha keti. Vuta pumzi polepole kupitia puani, itoe polepole zaidi kupitia mdomoni, kwa dakika tano. Halafu tembea kwa miguu nusu saa ukiweza. Misuli iliyojiandaa kukimbia hutulia ikipewa kazi. Usijitulize kwa pombe, wala usiongeze sigara. Kahawa na chai kali za usiku nazo zitakunyima usingizi unaouhitaji.

Pili, andika katika karatasi ni kitu gani hasa kimekwama. Si "nyumba imeharibika", bali "hatuna mahali pa kuweka nyama, maziwa na insulini". Ukiandika hivyo utaona kwamba kila kimoja kina njia yake. Nyama unaweza kuichemsha au kumwomba jirani nafasi. Maziwa utanunua ya kutumia siku moja.

Tatu, mwite fundi kabla ya muuzaji. Muulize mambo matatu: ni nini kilichoharibika, kutengeneza ni pesa ngapi, na kazi yake ina dhamana ya muda gani. Akisema hakitengenezeki, tafuta fundi wa pili asiyemjua wa kwanza. Pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, na katika mitaa ya jua kali karibu kila mji, wapo mafundi wanaofufua vyombo ambavyo wenyewe walikuwa wamevizika.

Nne, waambie watu wa nyumbani kwa sauti ya kawaida. Mume na mke wanaofichana habari za gharama huishia kuugua wote wawili. Watoto wakubwa nao waelezwe. Mtoto asiyejua kwa nini baba amenuna hudhani kosa ni lake.

Kuhusu insulini

Hofu ya mwalimu wetu ilikuwa ya haki, ila haikuwa na haraka aliyotiwa. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Lakini ile inayotumika, kwa aina nyingi, yaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne mahali pasipo na joto kali wala jua. Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti, maana aina hutofautiana.

Upo ushahidi wa hapa kwetu. Utafiti uliochapishwa 2021 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na shirika la Médecins Sans Frontières ulianzia katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, ambako joto nyumbani hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa katika joto la namna hiyo kwa wiki nne ilibaki na nguvu zake.

Kwa hivyo friji ikiharibika, chukua mtungi wa udongo mdogo, uweke ndani ya mkubwa, na katikati yake tia mchanga uliolowa maji. Funga insulini ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, iweke ndani ya mtungi mdogo, funika kwa kitambaa kilicholowa, na uweke mtungi kivulini penye hewa. Usiiweke insulini mahali inapoweza kuganda kwa barafu. Ikiganda imekwisha kazi. Ukiona mabongemabonge au rangi imebadilika, usiitumie. Kisha mpigie daktari au mfamasia wako. Siku tatu za kutafuta fundi hazitamdhuru mgonjwa.

Kukataa bila ugomvi

Wengi wetu tulilelewa tusimkatalie mgeni aliyekunywa chai yetu. Basi usikatae, ahirisha. "Asante shemeji kwa kunijali. Nitazungumza na mzee, nitakujibu Jumatano." Muuzaji akiendelea kusukuma, rudia maneno yaleyale bila kuongeza sababu. Kila sababu unayoitoa atakuwa na jibu lake. Usitoe kitambulisho, na usiingize nambari yako ya siri ya simu, mkiwa bado mnazungumza.

Ukiamua kununua, piga hesabu mbili mbele yake: malipo ya kwanza ukijumlisha na awamu zote, kisha toa bei ya pesa taslimu. Tofauti hiyo ndiyo bei ya haraka yako. Uliza pia kama chama chako cha akiba na mikopo kinaweza kukukopesha kwa riba nafuu. Usichukue mkopo wa simu wa mwezi mmoja ili kulipa awamu ya mkopo mwingine. Wagonjwa wengi wanaoniambia hawalali usiku wamenaswa hapo.

Sheria nayo ipo upande wako kuliko unavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inahusu pia mikataba inayofanywa ana kwa ana nje ya duka la muuzaji, kwa mfano sebuleni kwako. Mkataba wa aina hiyo mnunuzi anaweza kuuvunja bila kutoa sababu, hadi siku kumi baada ya kupokea nakala yake iliyoandikwa. Kwa hivyo dai nakala, na andika tarehe uliyoipokea. Na kwa mkataba ulio chini ya Sheria ya Ununuzi wa Kukodisha, mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kuja kuchukua mali bila kwenda mahakamani.

Dawa haikatwi

Sasa narudi kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Katika nyumba nyingi pesa zikipungua, kitu cha kwanza kukatwa ni dawa za maradhi yasiyouma. Presha haiumi, kwa hivyo hudhaniwa inaweza kungoja. Haingoji. Ikiachwa bila dawa huharibu figo, moyo na macho kimyakimya, na huweza kuleta kiharusi siku isiyotarajiwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Weka pesa za dawa kando siku ya mshahara, pamoja na kodi ya nyumba na karo. Zikikosekana kabisa, mwambie daktari. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile. Usitulize kichwa kwa diklofenaki au ibuprofen siku baada ya siku. Dawa hizo huweza kupandisha shinikizo la damu na kusababisha vidonda vya tumbo.

Ukienda kupimwa, keti kwanza dakika tano bila kuzungumza, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo sakafuni, mkono ukiwa usawa wa moyo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kipimo kimoja cha 140 kwa 90 au zaidi siku ya hasira hakitoshi kukuita mgonjwa, lakini kinatosha kukurudisha ukapimwe siku nyingine.

Muone daktari ikiwa umekosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, ikiwa kifua kinabana, au ikiwa umekata tamaa ya maisha kwa sababu ya madeni. Hilo la mwisho si aibu, na lina tiba. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, usingoje kesho. Kimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Mwalimu hakuwa na dalili hizo, ashukuriwe Mungu. Nilimchunguza, nikamrudisha kwenye vidonge vyake siku hiyohiyo, na nikamtaka arudi baada ya siku tatu. Mwezi uliofuata mashine ilionyesha 138 kwa 86. Zile siku kumi za sheria zilikuwa zimempita, kwa hivyo anaendelea kulipa.

Na ile friji ya zamani? Mwanawe aliipeleka kwa fundi. Kilichokuwa kimeungua ni kifaa kidogo cha kuwashia kompresa. Kukibadilisha kulikuwa Sh3,500. Leo mwalimu ana friji mbili jikoni, na kwenye mlango wa ile ya zamani amebandika karatasi yenye maneno aliyoyaandika kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia madaftari: "Ngoja hadi Jumatano."